Nozeli za Hilux 3.0 D-4D: nimenunua mara mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Gari langu ni Hilux Vigo ya mwaka 2008, dizeli, injini ya 1KD lita 3.0, ndiyo hiyo D-4D. Nozeli ndicho kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silenda. Nipo Njombe. Kazi yake ni kubeba viazi mviringo kutoka shambani hadi Makambako, na mara mojamoja kushuka Dar. Naandika kwa sababu hela niliyopoteza kwenye nozeli inaniuma, na najua kuna mwenzangu sasa hivi anahesabu hela aende kufanya kosa lilelile.

Ilianza mwezi wa sita, baridi ya huku ikiwa imeshika. Alfajiri nikiwasha, injini inagonga kama mtu anapiga nyundo kwenye bati, na moshi mweupe unajaa uani hadi macho yanawasha. Ikipata moto inatulia. Nikasingizia baridi. Kufika mwezi wa nane ikawa inamisi, yaani silenda inaruka mlipuko, hata ikiwa ya moto, na mafuta inakunywa kuliko zamani.

Fundi wangu wa mtaani ni mzuri sana kwenye injini za 2L na 5L, dizeli za zamani za Toyota. Akataka kufanya kama alivyozoea: injini inaunguruma, unalegeza nati ya bomba la nozeli mojamoja usikilize silenda ipi ni mbovu. Ndugu zangu, kwenye D-4D msikubali hata kidogo. Mafuta kwenye reli, bomba nene linalogawia nozeli zote, yanakaa kwa presha ambayo gari likivuta mzigo inapita baa 1,000. Mchirizi mwembamba wa dizeli kwa presha hiyo unatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono.

Basi nikaamua bila kupima: nozeli zimekufa, nanunua nne mpya. Duka moja la spea Dar likaniambia zipo "orijino Japani". Maboksi yalikuwa mazuri, stika zinang'aa. Bei ya zote nne ilikuwa ndogo kuliko nozeli moja niliyokuja kununua baadaye. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Zikaja kwa basi, zikafungwa kwa washa zilezile za zamani, gari likatulia kwa wiki saba hivi, halafu kugonga kukarudi pale pale. Safari hii na moshi mweusi juu yake.

Nikalipeleka Mbeya kwa fundi ambaye kazi yake ni pampu na nozeli tu. Huyu hakushika spana. Alichomeka kompyuta kwanza, akaliacha lisailensi, yaani liungurume bila kukanyagwa mafuta, likiwa la moto, akanionyesha namba nne kwenye skrini. Hizo ni kiasi cha mafuta ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza kwa kila silenda ili injini izunguke sawasawa. Zikiwa kati ya hasi 3 na chanya 3 gari lina afya. Yangu: ya kwanza 0.9, ya pili hasi 2.1, ya tatu 4.7, ya nne hasi 3.4. Ya tatu ilikuwa inabembelezwa kwa mafuta mengi ifanye kazi, ya nne inabanwa isizidishe.

Akazitoa, akazifuta kwa kitambaa, akazipanga mezani. "Kaka, njoo usome mwenyewe." Juu ya nozeli ya injini hii kuna alama 30, mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Kila nozeli hupimwa kiwandani kabla ya kutoka, na alama hizo ndizo zinazoiambia kompyuta ya gari kwamba nozeli hii inamwaga kidogo zaidi, ile inachelewa kidogo. Ndiyo maana hazifanani. Za kwangu zote nne zilifanana, herufi kwa herufi, mwanzo hadi mwisho. Nilizisoma mara mbili. Nilichonunua ni stika moja iliyochapwa mara nne.

Kisha akanionyesha kitu ambacho kwangu kina uzito kuliko hata nozeli feki. Chini ya kila nozeli kuna washa inayoziba moto wa silenda usipande juu. Mbili zilikuwa zimezungukwa na masizi meusi makavu kama sufuria ya kuni. Injini hii nozeli zake zimekaa ndani ya kifuniko cha juu, kwa hiyo washa ikivuja, moshi wa silenda unaingia moja kwa moja kwenye oili. Oili inageuka lami. Akasema tushushe sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini. Nilidhani anatafuta kazi ya ziada, lakini nikakubali.

Kichujio cha kunyonyea oili kilikuwa kimefunikwa na ukoko mweusi. Alipoukwangua kwa ukucha ulitoka vipande, kama masalia ya uji uliokaukia sufuriani. Matundu yaliyokuwa wazi hayakufika nusu. Injini hii ikikosa oili kwa sababu ya kichujio kuziba, haikupi muda wa kuaga, inakamata vyuma na hapo unatafuta injini nzima. Mimi nilikuwa nikipandisha Kitonga na mzigo nikiwa na kichujio hicho.

Tukaja kwenye kuchagua. Mtumba sikutaka kusikia, hujui ilitembea kilomita ngapi na ilikunywa mafuta gani. Zilizokarabatiwa si mbaya kama watu wanavyosema, ila mkarabati akupe karatasi ya mashine ya kupimia kwa kila nozeli, ikionyesha mafuta inayomwaga na inayorudisha, pamoja na alama mpya za kuingiza. Asiye na karatasi, muage. Na kama zako ni orijino na mbovu ni moja tu, badilisha hiyo moja. Mimi sikuwa na ya kubakiza, nikaagiza mpya nne za Denso, kampuni inayotengeneza zile orijino, kwa wakala, kwa namba ya chasisi. Nilisubiri siku kumi na mbili gari likiwa juu ya mawe.

Siku ya kufunga nilikaa pale pale. Washa mpya zote, sili mpya za kifuniko na za bomba la kurudisha mafuta, mabomba ya presha mapya. Sehemu inapokaa kila nozeli ilisuguliwa hadi ikang'aa, kwa sababu washa mpya ikikalia masizi inavuja vilevile. Halafu mimi nikawa nasoma alama, yeye anaandika kwenye kompyuta, silenda ya kwanza hadi ya nne. Tulibishana kwenye herufi moja kama ni B au 8 mpaka tukaileta nozeli kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa 8. Ukikosea moja, au ukizichanganya silenda, umefunga nozeli nzuri zinazofanya kazi vibaya.

Tangu hapo ni mwaka mmoja na miezi minne, kilomita elfu 41. Asubuhi linawaka kwa mkupuo mmoja. Kule kugonga kumekwisha. Kwa mzigo wa kawaida lilikuwa limeshuka hadi kilomita 8 kwa lita, sasa linacheza kwenye 10. Kwa ubora wa bidhaa yenyewe sina neno baya. Bei inauma, na dhamana waliyonipa haihusu mafuta machafu, jambo ambalo kwa barabara zetu ni kama hawajakupa dhamana.

Kwa hiyo mafuta nimeyawekea sheria. Tenki tulilishusha tukalikosha, chini kulikuwa na maji na tope jekundu. Dizeli ya madumu ya kando ya njia sigusi tena. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, walianza kuweka vinasaba, yaani dawa ya alama, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wanaochakachua kwa mafuta ya taa, lakini dumu halina kinasaba cha kukulinda wewe, na mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli. Filta ya dizeli nabadilisha kila kilomita 10,000, orijino. Kila wiki mbili nafungua kikoki cha chini ya filta natoa maji. Usingoje taa iwake. Oili kila 5,000, na kila asubuhi ya Jumatatu navuta kijiti cha kupimia oili. Oili ikipanda na kunuka dizeli, bomba la kurudishia linavuja ndani. Dawa ya kusafisha nozeli nilijaribu kwenye zile feki, haikubadilisha kitu. Chuma kilichokwisha hakirudi kwa dawa.

Wiki iliyopita nilipita tena Mbeya kupima. Kubwa kuliko zote ni ya tatu, 1.3. Tulishusha na sampu tena, kichujio ni cheupe. Washa nne za akiba nimezifunga kwenye nailoni, zipo kwenye droo ya dashibodi.