Bima ya gari na mvua ya mawe Texas: usilipe kabla hujasoma mstari huu

Aprili mwaka juzi, saa kumi jioni, anga la Fort Worth liligeuka kijani, upepo ukakata ghafla. Mimi nimekulia Mbeya, mvua ya mawe naijua. Tukiwa wadogo tulikuwa tunayaokota uani na kuyatafuna, yana ukubwa wa punje za mahindi. Haya ya hapa yalikuwa kama ndimu, na yalilipiga gari langu dakika saba nzima huku nimesimama dirishani ghorofa ya pili, nimeshika kichwa.

Asubuhi yake nilikuwa nimetulia. Nilikuwa na bima kubwa, na siku ya kuikata nilimuuliza wakala mara mbili: likitokea la kutokea, mimi natoa shilingi ngapi mfukoni kabla ninyi hamjalipa? Akasema dola 500. Mkaguzi alikuja na chaki ya mafuta, akawa anazungushia duara la njano kila palipobonyea. Boneti peke yake alihesabu 41. Matengenezo yakafika dola 2,340. Hundi niliyoletewa ilikuwa ya dola 340.

Nikapiga simu nikidhani wamekosea hesabu. Hawakukosea. Wakala aliniambia kiasi cha Collision, na mvua ya mawe haiko huko.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Kinachoitwa bima kubwa Marekani ni bima mbili zilizofungwa pamoja. Collision inalipa ukigonga au ukigongana. Comprehensive inalipa wizi, moto, mafuriko, mti ukiangukia gari, ukimgonga kulungu barabarani, na mvua ya mawe. Kila moja ina fungu lake, yaani ile fedha unayotoa wewe kwanza, ambayo kwenye karatasi imeandikwa Deductible. Mafungu hayo mawili si lazima yalingane. Langu la Collision lilikuwa 500, la Comprehensive 2,000. Wakala alipandisha la pili ili bei ya mwezi ishuke na mimi nisaini haraka, na katika Texas ya kaskazini hilo la pili ndilo linalouma. Hapa mvua ya mawe ni jambo la kila mwaka, Machi hadi Juni, hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico inapokutana na hewa kavu ya magharibi. Tarehe 5 Mei 1995 mawe yaliwaangukia watu waliokuwa kwenye tamasha la Mayfest hapa Fort Worth, wakajeruhiwa zaidi ya 100. Aprili 2016 ikawa zamu ya San Antonio, hasara ikapita dola bilioni moja.

Tangu niyasimulie haya nimeletewa karatasi za watu wengi. Dada mmoja wa Arlington: Collision 500, Comprehensive 1,500. Kaka mmoja wa Goma anayeendesha gari la kubeba abiria mchana na usiku: 1,000 na 2,500. Wote walijibiwa swali lao kwa namba ndogo. Inaniuma sana, maana ni watu walioamka saa tisa usiku kwenda kazini ili walipe bima hiyo hiyo.

Sasa kampuni. Bei ya mwezi sitaijadili, kila mtu atapata yake kwa umri wake, gari lake na mtaa wake. Mimi nazipanga kwa jambo moja: jinsi zinavyokutendea kwenye fungu la Comprehensive.

Ya kwanza kwangu ni State Farm, na nasema wazi kwamba ndiko niliko. Kampuni ilianzishwa 1922 Illinois kwa ajili ya wakulima, na mpaka leo inauza kupitia wakala mwenye ofisi, mwenye mlango unaoweza kuugonga. Nilikaa na wakala wangu meza moja, akageuza kioo cha kompyuta nikaona mistari yote miwili. Nikamwambia acha Collision 1,000, shusha Comprehensive iwe 250. Bei ilipanda dola 11 kwa mwezi. Dola 11! Mwaka mzima haifiki 140, wakati mimi nilipoteza 2,000 kwa dakika saba. Kama huna muda wa kulinganisha, nenda huko, na uombe hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo.

USAA ningeiweka sawa na hiyo kama ingekuwa wazi kwa wote. Ni ya wanajeshi, waliotumikia jeshi na familia zao. Tuna vijana wengi wa Kikenya na Kitanzania waliojiunga na jeshi la Marekani; kama mumeo au mkeo ni mmoja wao, ulizia kabla hujaenda kwingine.

Progressive inafuata. Wana mpango ambao kila kipindi cha bima kikipita bila madai, dola 50 zinapunguzwa kwenye mafungu yote mawili, la Collision na la Comprehensive. Uulizie kama upo kwenye bima yako, hauji wenyewe. Tatizo langu ni kwamba watu wengi huinunua kwa simu usiku, wanabonyeza kinachoshusha bei, na kinachoshusha bei mara nyingi ni fungu kubwa la Comprehensive.

Allstate nimeishusha kwa sababu moja. Wanasifiwa kwa zawadi ya kupunguza fungu: dola 100 ukijiunga na 100 nyingine kila mwaka wa kuendesha salama, mpaka 500. Soma vizuri. Zawadi hiyo ni ya Collision. Mawe yakianguka haikusaidii chochote.

Bima ndogo, ile ya kulipa hasara ya mwenzako tu, sheria ya Texas inaitaka ifike 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Kwa mvua ya mawe hailipi hata senti. Kama gari lako ni la dola 2,500, sawa, kaa nayo.

Kuna jambo linalowaumiza waliokwisha kulipwa. Hundi ikija, wengi wetu hatutengenezi gari. Ada za watoto nyumbani zinasubiri, mama anahitaji dawa, gari linatembea hata likiwa limebonyea. Silaumu mtu, nami nilifikiria hivyo. Lakini mawe yakirudi, mkaguzi ataondoa thamani ya mibonyeo ya zamani kabla hajahesabu mipya, halafu ataondoa na fungu lako. Unaweza kubaki na sifuri. Ukitengeneza, tunza risiti na piga picha za paa na boneti mchana. Na kama gari bado lina mkopo, hundi huweza kuandikwa jina lako pamoja na la benki, kwa hiyo fedha hiyo usiipangie mapema.

Gereji unachagua wewe. Sheria ya Texas hairuhusu kampuni ya bima ikulazimishe yake. Mtafute fundi anayenyoosha bila kugusa rangi: anashusha dari ya ndani, anaingiza chuma kirefu chembamba, anasukuma bati kutoka chini huku anatazama mstari wa taa juu ya paa mpaka unyooke. Boneti ya alumini ni ngumu zaidi na gharama inapanda. Hao wanaokuja na mahema siku moja baada ya mvua kutoka majimbo mengine, usiwape gari kabla hujapata anwani yao ya kudumu.

Narudi kwa wauzaji, maana hasira bado ninayo. Neno “full coverage” wanalolitaja kila mara si jina la bima yoyote. Ni msemo wa dukani. Wanamwambia mgeni ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, wanajua ataelewa kwamba kila kitu kimefunikwa. Mtu akikutamkia neno hilo mwambie akuonyeshe ukurasa wa kwanza wa bima, weka kidole kwenye Comprehensive, soma namba iliyo mbele yake. Fanya hivyo Februari. Wingu likishatangazwa, kampuni huweza kufunga mabadiliko ya mstari huo mpaka mvua ipite.

Mkiwa na shaka, nitumieni picha ya ukurasa huo, mkifuta jina na namba ya bima. Nasoma zote jioni nikirudi kazini.