Pasi ya Cadw na gari la kukodi: ngome na abasia za kaskazini mwa Wales

Kama mko marafiki watatu au wanne mnaopenda historia, na mnayo nafasi ya siku chache Uingereza, kodini gari, nunueni pasi ya Cadw, mwelekee kaskazini mwa Wales. Cadw ni idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo ya kale, na iko na maeneo zaidi ya 130. Pasi yao ya watalii iko ya siku 3 na ya siku 7, na siku zenyewe si lazima zifuatane. Unaionyesha langoni, unaingia.

Sisi tulichukua ya siku 3. Pesa inayookolewa ni ya kweli, lakini si hiyo inayonifanya niandike. Mtu anayelipa mlango kwa mlango huhesabu. Atakwenda kwenye ngome mbili maarufu, apige picha, arudi. Mwenye pasi husimama hata penye magofu ambayo hakuna aliyemtajia. Na huko kwenye magofu ndiko ngome kubwa zilikotufungukia.

Kuhusu gari: mtu wa Kenya au Tanzania hatapata taabu. Usukani uko kulia, mnapita kushoto, na mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12. Cha kuangalia ni mwendo. Tangu Septemba 2023 barabara nyingi za mitaa ya makazi huko Wales zina kikomo cha maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, na vijiji vinafuatana kimoja baada ya kingine. Kampuni iliyotukodishia ilizuia dhamana kubwa kwenye kadi ya mkopo na ikaikataa kadi ya kawaida ya benki. Ulizeni hilo mapema, kabla hamjalipa chochote.

Tulitokea Manchester, na kituo chetu cha kwanza kilikuwa Valle Crucis, karibu na Llangollen. Abasia hii, yaani makao ya watawa, ilianzishwa mwaka 1201 na Madog ap Gruffydd, mtawala wa Powys ya kaskazini, kwa ajili ya wamonaki wa shirika la Citeaux. Hao ndio waliovaa kanzu za sufu isiyotiwa rangi, wakatafuta mabonde ya mbali wapate kusali, kulima na kufuga kondoo. Ukuta wa mbele wa kanisa bado umesimama, na dirisha lake la duara liko juu. Paa hakuna, palipokuwa sakafu pameota majani.

Mmoja wetu ni mtu wa Songea, amekua akisikia kengele za abasia ya Peramiho. Kwake abasia si magofu, ni watu: hospitali, karakana, mashine za kuchapa vitabu, ibada alfajiri. Wamonaki wa Citeaux walifuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Peramiho, kwa hiyo yeye ndiye aliyetuongoza. Hapa walikusanyika kila siku kusomewa sura ya kanuni. Hapa juu walilala, na usiku wa manane waliteremka kanisani. Bwawa lao la samaki bado lina maji, la pekee la aina yake lililobaki Wales. Tulipofika kwenye habari ya mwaka 1537, Henry VIII alipoifunga nyumba hii kama alivyozifunga nyingine zote, mwenzetu alikasirika kabisa. Alituambia tufikirie Peramiho ikifungwa kwa amri moja, mabati yakashushwa, kengele zikauzwa. Hakuna kibao cha maelezo kingeweza kutueleza vile.

Kutoka hapo barabara ya A5 inapanda milimani hadi Betws-y-Coed, kisha A470 inalifuata bonde la mto Conwy. Simameni Llanrwst, muingie kanisa la Mtakatifu Grwst. Pasi haihitajiki hapo. Ndani kuna jeneza la jiwe la Llywelyn ap Iorwerth, mtawala mkubwa wa Wales aliyefariki mwaka 1240. Ni tupu. Llywelyn alizikwa mbali na hapo, pwani, katika abasia ya Aberconwy ambayo yeye mwenyewe aliifadhili. Nashauri sana mlione jeneza kwanza, ndipo mwende Conwy.

Kwa sababu ngome ya Conwy imekaa juu ya habari hiyo. Mfalme Edward I wa Uingereza alipoishinda Gwynedd, nchi ya ukoo wa Llywelyn, mwaka 1283, mahali alipopachagua ni palepale penye abasia ya Aberconwy. Wamonaki wakahamishiwa Maenan, ndani zaidi bondeni, wakaenda na jeneza la mtawala wao. Miaka zaidi ya 250 baadaye Maenan nayo ikafungwa, na jeneza likaishia Llanrwst. Kanisa la Mtakatifu Maria lililo katikati ya mji wa Conwy ndipo lilipokuwa kanisa la abasia. Mfalme hakutafuta mlango wa mto tu. Alikalia kaburi la ukoo aliokuwa akiupiga vita. Ukilijua hilo kabla ya kuvuka lango, minara ile 8 haikupi tena raha ya picha peke yake.

Na bado ni nzuri mno. Sijaona ngome iliyonishika kama ile. Kuta zake zilipakwa chokaa nyeupe zamani, na mabaki ya chokaa yanaonekana hadi leo. Fikiria ilivyong'aa kwa mtu aliyekuwa akija kwa mashua. Msimamizi wa ujenzi, James wa Saint George, alitoka Savoy, nchi ya wakati ule kwenye milima ya Alps, na kazi kubwa ilikamilika kama miaka minne tu. Mimi mtoto wa Mombasa sikuweza kuacha kuiwaza Fort Jesus: Wareno nao, mwaka 1593, walimtumia fundi wa kigeni, Mwitaliano Cairati, kujenga ngome ya kuushika mji usiokuwa wao. Mkitoka ndani msiondoke mjini. Ukuta wa mji, kama kilomita 1.3 na minara 21, unapandwa bure.

Beaumaris, katika kisiwa cha Anglesey, ilianza mwaka 1295 baada ya maasi ya Wawelisi yaliyoongozwa na Madog ap Llywelyn, na haikumalizika kamwe. Vita vya Scotland vilimeza fedha. Iko tambarare, ukuta ndani ya ukuta, handaki lina maji na bata. Kwa mpangilio ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Lakini hapa pia tulikuwa tumejifunza kuuliza nani aliondolewa. Jibu ni watu wa Llanfaes, mji wa biashara uliokuwa jirani. Walipelekwa upande mwingine wa kisiwa, Newborough. Llanfaes ndipo Llywelyn alipomzika mkewe Joan, binti wa mfalme John wa Uingereza, na akawajengea watawa Wafransisko nyumba mahali pale. Jeneza linalotajwa kuwa la Joan liko leo kanisani Beaumaris, kwenye ukumbi wa mlangoni. Baada ya watawa kufukuzwa liliwahi kutumiwa kunyweshea farasi. Mume Llanrwst, mke Beaumaris, kila mmoja kahamishwa na wafalme walioona makaburi si kitu. Mwenzetu wa Songea aliwaombea wote wawili pale pale, na sisi wengine Waislamu tulisimama naye kwa heshima.

Caernarfon nitaipitia haraka. Ni kubwa, mawe yake yamepangwa kwa mistari ya rangi, na Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, alivikwa taji la Prince of Wales pale mwaka 1969. Ina umati mkubwa. Fikeni mlango unapofunguliwa.

Harlech ni tofauti. Imekaa juu ya mwamba, milima ya Eryri nyuma yake, na ngazi 108 zinashuka hadi mahali ambapo bahari ilifika zamani. Leo maji yamerudi mbali. Owain Glyndŵr, kiongozi wa Wawelisi walioasi utawala wa Kiingereza, aliiteka mwaka 1404 na akaitawalia Wales kutoka humo mpaka ilipochukuliwa tena mwaka 1409. Hii ndiyo ngome pekee katika zile nne ambapo niliona Wawelisi wenyewe, familia nzima wakizungumza Kiwelisi, wamekuja kama watu waliofika kwao. Kaeni humo jioni ya mwisho kabla ya kufunga.

Mambo machache ya kujua. Maegesho mara nyingi hulipwa pembeni, pasi haiyahusu. Saa za kufungua hupungua majira ya baridi, na abasia nyingine hazina mhudumu wala choo, kwa hiyo angalieni tovuti ya Cadw kabla ya kuondoka. Viatu viwe vya kushika chini. Ngazi za minarani ni nyembamba, zinazunguka, na huteleza mvua ikinyesha. Mwenye goti bovu asikate tamaa: Caernarfon, tangu mwaka 2023, ina lifti kwenye Lango la Mfalme inayofikisha hata kiti cha magurudumu juu. Halali tulikula samaki na mboga, na tulibeba pilau yetu kwenye chombo cha kutunza joto, kwa sababu nje ya miji mikubwa nyama ya halali ni ya kutafuta.

Tukijaliwa, mara nyingine tutachukua pasi ya siku 7 twende kusini: abasia ya Tintern, iliyoanzishwa mwaka 1131, na ngome ya Caerphilly, kubwa kuliko zote Wales. Mwenzetu wa Songea ameshasema Tintern iwe ya kwanza.