Miezi minane na kanuni za zamu za Dungeons & Dragons, barazani Shangani

Kila Jumamosi baada ya Isha tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi ambao kila mtu ni mhusika na dadu ndiyo inayoamua, barazani kwetu Shangani, Mtwara mjini, na sasa ni mwezi wa nane. Tuko watano. Binamu yangu ndiye mtambaji, anayesimulia na kuwachezesha maadui. Mdogo wangu ni mpiganaji, jirani yetu fundi simu ni mwizi, dada mmoja anayesomea uuguzi ni kuhani. Mimi ni mwanachuoni. Kwenye kanuni tabaka langu ni la mchawi, lakini kwetu neno hilo si la kulitamka ovyo usiku barazani.

Nitazungumzia kanuni za zamu kwenye mapambano tu, maana hizo ndizo zilizotufanya tubaki. Mchezo wenyewe upo tangu 1974. Sisi tunatumia toleo la tano, la 2014. Kanuni zake za msingi ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo kuzipakua na kuzichapa ni bure na halali. Tulilipia karatasi steshenari, basi. Sehemu ya mapambano haizidi kurasa kumi na kidogo, na ni ya Kiingereza, nikaifasiri kwa kalamu pembeni.

Dadu ya pande ishirini sikuiona duka lolote hapa mjini. Wiki sita za mwanzo tulitumia korosho ghafi ishirini, na maganda yake, kila moja imeandikwa namba kwa maka peni, ndani ya kikapu. Unachomoa bila kutazama, unasoma, unarudisha. Usiporudisha, hesabu imeharibika, maana namba iliyokwisha kutoka haiwezi kutoka tena. Baadaye dadu zikaja kwa basi kutoka Dar. Uwanja wetu ni miraba ya chaki sakafuni, kila mraba futi tano. Sisi ni vizibo vya soda, maadui ni komwe za bao la mjomba.

Mpangilio ni huu. Pambano likianza, kila mtu anapiga dadu ya kuwahi na kuongeza wepesi wake. Mwenye namba kubwa anatangulia, na mfuatano huo haubadiliki mpaka pambano liishe. Maadui wa aina moja hupigiwa dadu moja kwa pamoja. Jambo hilo tulilipita bila kulisoma, na pambano letu la kwanza likala jioni nzima. Raundi moja ni kama sekunde sita. Zamu yako ikifika unatembea kiasi cha mwendo wako, futi 30 kwa binadamu, na unafanya tendo moja: kushambulia, kutumia nguvu za kitabuni, kukimbia, kukwepa, kujichomoa (kuondoka karibu na adui bila kupigwa), kumsaidia mwenzako, kujificha, au kuvizia (kuandaa tendo na kungoja jambo fulani litokee). Mwendo unaweza kuukata: futi kumi, piga, kisha futi ishirini za kurudi nyuma.

Juu ya tendo kuna vitu viwili vingine, na hapo ndipo utamu na ugomvi vilipo.

Cha kwanza mwanzoni tulikiita bonasi. Kosa langu la kufasiri. Bonasi kwetu ni kitu unachopewa, kama dakika za ziada ukinunua kifurushi cha simu. Mdogo wangu kila zamu akidai: "Na bonasi yangu je, kaka?" Kanuni haisemi hivyo. Unalo tendo hilo pale tu uwezo wako fulani unapokupa. Mwizi kuanzia ngazi ya pili anaweza kukimbia, kujichomoa au kujificha kwa njia hiyo. Mpiganaji anaweza kujirudishia pumzi, au kupiga kwa silaha nyepesi ya mkono wa pili. Usipokuwa na kitu cha namna hiyo, huna. Tukabadilisha jina, tukaliita upenyo, na mabishano yakaisha wiki ileile.

Cha pili ni jibu, yaani tendo la kufanya katika zamu ya mtu mwingine. Unalo moja tu. Adui aliye karibu nawe akijiondokea bila kujichomoa, unaweza kumpiga anapotoka. Uliyevizia, jibu ndilo linalokamilisha uviziaji wako. Mimi kwa jibu hilohilo ninaweza kuinua ngao ya kitabuni, kinga yangu, yaani namba ambayo dadu ya adui na nyongeza yake lazima viifikie ili anipate, ikapanda kwa 5 mpaka mwanzo wa zamu yangu inayofuata. Kwa ajili ya jibu, watu barazani kwetu hawachezi na simu zamu zao zikipita. Fisi akisogea, watu watano wanahesabu miraba.

Tatizo lilikuwa kukumbuka nani ameshajibu. Tulidhani jibu hurudi raundi mpya inapoanza. La, hurudi mwanzo wa zamu yako mwenyewe, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mara mbili binamu alimng'ata mtu kwa jibu ambalo fisi wake alikwisha kulitumia, na hakuna aliyegundua mpaka kesho yake.

Pambano lililonifundisha kanuni hizi kuliko karatasi zote lilikuwa kwenye mikorosho, njia ya Newala. Tulikuwa ngazi ya tatu. Fisi sita, na nyuma yao fisi mkubwa mmoja. Fisi wa kawaida ni dhaifu, pointi tano za uhai na kinga 11, lakini mwenzake akiwa ndani ya futi tano ya anayeng'atwa, anapiga dadu mbili na kuchukua kubwa. Mdogo wangu alizingirwa. Akapungua, akapungua, kisha fisi mkubwa akamwangusha mpaka sifuri. Hapohapo fisi yule akaruka nusu ya mwendo wake na kumng'ata kuhani. Watu wakapiga kelele: ameng'ataje mara mbili? Binamu akaonyesha ukurasa. Fisi mkubwa akimwangusha mtu katika zamu yake, anapata upenyo wa kusogea na kung'ata tena. Mdogo wangu alisoma mstari ule mara tatu.

Kuhani akatumia upenyo wake, Neno la Uponyaji, umbali wa hadi futi 60. Mdogo wangu akafumbua macho na pointi tano. Kuhani aliyetumia upenyo hivyo hawezi katika zamu hiyohiyo kutoa sala nyingine kubwa. Zinabaki zile ndogo zisizo na gharama, kwa hiyo akachoma fisi mmoja kwa mwali. Kanuni hiyo ni ya haki. Ninachokilalamikia ni kwamba kuinuka baada ya kuanguka kunakuwa rahisi mno. Mtu yuko sifuri, ananong'onezwa neno kutoka mbali, anainuka kwa nusu ya mwendo wake, anapiga kama hakuna kilichotokea. Dada wa uuguzi ndiye anayekerwa zaidi, na nadhani ana haki: mgonjwa wa namna hiyo hasimamishwi akashika upanga. Sisi tumeongeza sharti letu, kila anayeinuka anapiga dadu mbili na kuchukua ndogo mpaka zamu yake iishe.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo lake la 2019, tuliijaribu Jumamosi mbili. Matendo matatu kwa zamu, ni rahisi kumfundisha mgeni. Lakini kule si kila mtu anayeweza kumpiga adui anayeondoka, na baraza likapoa. Tukarudi.

Katika pambano lile la Newala mjomba alikuwa amekaa kando, anangoja komwe zake. Fisi mmoja mdogo akatoka mrabani pembeni yangu. Binamu akaniuliza, "Unampiga?" Nikasema namwacha. Mjomba akashtuka. Yeye ni mtu wa bao la Kiswahili, na kwenye bao ukiweza kula, ni lazima ule.

"Mwanangu, huyo umempata, mbona unamwacha?"

Nikamwambia, "Mjomba, nina jibu moja tu. Nikilimaliza kwa huyu, yule mkubwa akija sina ngao."

Zamu ya fisi mkubwa ikafika, akaja kwangu. Dadu na nyongeza yake vikatoa 15, kinga yangu 12. Nikainua ngao, 17, meno yakakosa. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo ni kama kete iliyo mkononi, haijawekwa baoni." Akachukua komwe tano kutoka kwenye mfuko wake, akampa kila mmoja wetu moja, na binamu pia kwa ajili ya fisi mkubwa.

Hivyo ndivyo tunavyocheza hadi leo. Komwe iko mbele yako. Ukijibu unaisukuma katikati. Zamu yako ikianza, unaichukua.