Leza kwa madoa ya chunusi: yaliyonikuta Dodoma

Chunusi ziliniacha nikiwa na miaka 27, madoa yakabaki. Mashavu yote mawili na kwenye taya, meusi kama alama za vidole vyenye masizi. Mama mdogo aliniletea kikopo cha mkorogo, nikamrudishia kwa heshima. Krimu za namna ile nyingi zina zebaki au steroidi, na ngozi niliyonayo ni hiyo hiyo moja. Nikaamua kupiga leza.

Mara ya kwanza nilikwenda saluni moja mjini. Hakuna aliyeniuliza ninapaka nini wala ngozi yangu huwa inapona vipi. Nikavalishwa miwani, nikapakwa jeli ya baridi, mashine ikaanza kumulika. Nilisikia harufu ya nywele zinazoungua, nikadhani ndivyo inavyokuwa. Siku ya tatu shavu la kushoto likatoa alama za mstatili, nyeusi kuliko madoa yenyewe, zenye umbo lile lile la kioo cha mashine. Nililia sana.

Daktari wa ngozi alipoziangalia alisema ile haikuwa leza hata kidogo. Ilikuwa IPL, mashine ya mwanga mchanganyiko wa rangi nyingi, wakati leza hutoa mwanga wa aina moja tu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, iliyo juu huunyonya mwanga huo na ngozi ikaungua. Doa la chunusi lenyewe linatokana na uvimbe: ngozi ikivimba humwaga melanini nyingi. Ukiichoma tena, unaanzisha uvimbe mpya, na doa jipya juu yake.

Kwa hiyo hakunigusa na mashine. Miezi mitatu nilipaka dawa mbili za chunusi na madoa, adapalini usiku na asidi ya azelaiki asubuhi, juu yake losheni ya kuzuia jua, SPF 50 (kipimo cha kinga ya jua), ile yenye rangi. Rangi ile ni oksidi ya chuma, inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hutia weusi ngozi za aina yetu. Hapa Dodoma hilo si jambo dogo. Kiangazi mawingu ni ya kutafuta, vivuli vichache, na mimi naenda kazini kwa bodaboda kutoka Nkuhungu. Nilijifunza kupaka upya saa saba mchana, baada ya kupangusa vumbi.

Ndipo ikaja leza ya aina ya Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambao melanini ya juu hainyonyi sana. Alijaribu kwanza sehemu ndogo chini ya sikio, tukasubiri wiki nne. Kisha awamu nne, kila mwezi moja, elfu 150 kila awamu. Inauma kama mafuta ya maandazi yanavyorukia mkono, halafu inapoa.

Madoa ya taya yamefifia sana. Lakini nisiwadanganye: yalianza kufifia wakati wa dawa za kupaka, kabla ya leza, na nikipewa nafasi ya kurudi nyuma ningezipa dawa hizo miezi sita kwanza. Alama za mstatili bado naziona nikisimama dirishani.

Ukiwa na ngozi nyeusi na umeamua kwenda, waulize mashine inaitwaje, na wakujaribie sehemu ndogo kwanza. Wakisema haina haja, chukua mkoba wako uondoke.