Chuma cha kujivuta nyumbani: kagua mlango kwanza, halafu ndio ununue

Kabla hujatoa hata shilingi moja, simama kwenye mlango unaotaka kuufunga chuma cha kujivuta, kile unachoning'inia kwa mikono na kujiinua mpaka kidevu kikivuke, na ugonge fremu yake kwa kiungo cha kidole, juu, katikati na chini. Fremu iliyoshikana na ukuta hujibu kwa mlio mzito, mfupi. Fremu iliyoachana na ukuta hulia kama debe, na plasta kando yake huwa na ufa mwembamba unaofuata mbao kutoka juu hadi chini. Mlango wa namna hiyo usiufunge chuma chochote, hata kama boksi limeandikwa kilo 200. Namba ya kwenye boksi inazungumzia chuma. Fremu yako haimo ndani ya boksi.

Nakaa Bombo, na huu ni mwaka wa sita najivuta nyumbani. Aina zote ninazozipanga hapa nimezitumia, na moja iliniangusha. Kwa hiyo mpangilio huu unahusu nyumba zetu za Uganda, za matofali ya kuchoma na plasta, zenye mlango wa chuma mbele na milango ya mbao ndani. Vyuma vingi vinavyouzwa Kampala na mitandaoni vilibuniwa kwa nyumba za Marekani na Ulaya, ambako fremu ya mlango wa ndani huzungushiwa mbao za urembo pande zote mbili. Huku kwetu fremu mara nyingi imezama sawa na plasta. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Chukua futi upime upana kati ya miimo miwili. Milango ya vyumba mara nyingi ina sentimita 80 hadi 90, ya choo hupungua hadi 70. Kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu. Watu wengi husahau kichwa chao. Chuma kikikaa ndani ya uwazi wa mlango, lazima kishuke kama sentimita 30 chini ya ukingo wa juu, la sivyo kidevu kikifika kwenye chuma, utosi umeshagonga mbao. Kwenye mlango wa mita 2.1 unabakiwa na mita 1.8, kwa hiyo utaning'inia ukiwa umekunja magoti. Hilo halina ubaya. Pishanisha miguu nyuma uendelee na kazi.

1. Chuma cha fundi, kilichofungwa ukutani juu ya mlango

Hiki nakiweka cha kwanza bila kusita, ingawa hakiji na boksi wala picha ya mtu mwenye misuli. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanajulikana nchi nzima, lakini huna haja ya kwenda huko: kila mji mdogo kando ya barabara ya Gulu una karakana ya kuchomelea milango na madirisha, na anayeweza kuchomelea geti anaweza kukutengenezea hiki kwa nusu siku.

Mwambie akate bomba la maji la chuma la inchi moja, lile zito. Kwa nje lina karibu milimita 34, na linajaa kiganja vizuri. La robo tatu lina 27 hivi, linashikika lakini huuma vidole ukining'inia muda mrefu. La inchi moja na robo linafika 42, na anayeanza atachoka viganja kabla mgongo haujaanza kufanya kazi. Bomba jepesi la kutengenezea viti na vitanda likatae hata akikupunguzia bei, maana hupinda katikati. Urefu wa sentimita 120 unatosha kushika kwa upana wowote.

Mikono miwili inayoshika bomba itoke ukutani kama sentimita 50, ili magoti na paji la uso visigonge ukuta, na kila mmoja uwe na chuma cha mshazari kinachorudi ukutani kwa chini. Mshazari huo usiuone kama urembo. Ukiwa na kilo 80, chuma kikiwa sentimita 50 kutoka ukutani na bolti za juu na za chini zikiwa zimeachana sentimita 25, bolti za juu zinavutwa kung'oka kwa nguvu ya kilo 160, na hapo umetulia tu. Ukijirusha, inazidi. Ndiyo maana pleti ya ukutani inatakiwa iwe ndefu kwenda chini: bolti zikiachana sentimita 50, mvuto huo unarudi kilo 80.

Nilipomtajia fundi wangu uzito, aliuliza kama ni wa kutundika nyama buchani. Nikamwambia achukulie hivyo hivyo, ila nyama yenyewe inapanda na kushuka. Alielewa mara moja, akaongeza pleti.

Sasa ukuta wenyewe. Drili ikiingia, angalia vumbi. La kijivu maana yake umeikuta zege ya linta juu ya mlango, na hapo bolti za kutanuka za milimita 12 zinashika vizuri. Likitoka jekundu, uko kwenye tofali. Tofali zetu za kuchoma hazilingani. Nyingine ngumu kama jiwe, nyingine ukizikwangua kwa ukucha zinamwagika, na bolti ya kutanuka hupasua tofali laini kutoka ndani bila wewe kuona. Kwenye tofali, toboa ukuta mzima, pitisha bolti ndefu, na upande wa pili weka pleti nyingine ya chuma kabla ya nati. Utakuwa na pleti inayoonekana chumbani. Ipake rangi ya ukuta, uizoee.

Mimi nililipa shilingi 120,000 kwa bomba, pleti, bolti na kazi. Hesabu yako itategemea fundi na bei ya chuma siku hiyo, lakini utanunua mara moja tu.

Kabla hujaning'inia wewe, ning'iniza maji. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji na kidogo cha plastiki. Mimi nilifunga nne kwa kamba, nikaziacha usiku kucha, na kabla ya kulala nikachora mstari wa penseli kuzunguka kila pleti. Asubuhi mstari ulikuwa mahali pake. Ungesogea hata kwa unene wa penseli, ningefungua vyote na kuanza upya.

2. Cha mlangoni chenye vikombe vya skrubu

Kama mwenye nyumba hakubali ukuta utobolewe, muombe fremu. Hiki ni kile chuma cha kurefuka kinachokaa katikati ya miimo, lakini ncha zake zinalala ndani ya vikombe viwili vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu. Fremu ikiwa ya mbao ngumu kama mvule au mahogani, skrubu za milimita 50 au zaidi zinashika kwa miaka. Zile fupi zinazokuja ndani ya boksi zitupe, zinaingia kwenye mbao kidogo sana. Uzuri wake ni kwamba usiku unakiondoa na kuacha vikombe tu, watu wasipigwe vichwa wakielekea chooni gizani. Na siku ya kuhama unaziba matundu manne au sita kwa vumbi la mbao na gundi.

Kwenye fremu ya chuma hakina faida yoyote kwa skrubu za mbao. Hapo mwite fundi achomelee vikombe.

3. Pete mbili na mkanda

Sio chuma cha mlangoni, lakini kwa anayepanga muzigo, yaani nyumba ya chumba kimoja, na ana uwanja wenye mti, pete za mbao zenye mikanda ya nailoni ndizo ningenunua. Tawi hai la mfenesi au mwembe, nene kama paja, na mikanda unapandisha na kushusha upendavyo. Ukizishusha hadi kiunoni, anayeanza anaweza kujivuta akiwa amelala nyuma, visigino vikiwa chini, na hakuna njia nyepesi ya kuuzoesha mgongo kuliko hiyo. Mvua ndiyo adui. Tawi likilowa, ngoja.

4. Cha kudandia juu ya fremu

Hiki ndicho kinachotangazwa sana: kina mikono miwili inayobana mbele ya mlango na mti mmoja unaokalia mbao ya urembo upande wa nyuma. Hakihitaji skrubu kwa sababu uzito wako ndio unaokibana, na mahali penye mbao hiyo, iwe nene na imepigwa misumari vizuri, ni kifaa kizuri kweli. Lakini kaangalie nyuma ya mlango wako. Wengi mtakuta plasta tupu, na hakuna cha kudandia. Wengine mtakuta kijibao chembamba kilichobandikwa kuficha ufa, nacho hakijawahi kubeba kitu maishani. Ukiwa na mashaka, usinunue.

5. Cha kukaza kwa kuzungusha, bila skrubu

Hiki ni cha mwisho, na nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndicho cha bei nafuu na ndicho mtu hununua kwanza. Mimi pia nilikinunua, shilingi 60,000, muuzaji akiniapia kwamba kinabeba watu wawili. Kinashika kwa msuguano tu: raba mbili zinasukuma miimo. Fremu yangu ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Wiki mbili kilinivumilia. Siku ya kumi na tano, nikiwa na kidevu juu ya chuma, upande wa kushoto uliteleza bila mlio wowote na nikatua kwa kifandugu kwenye sakafu ya saruji. Kwa karibu mwezi nilikaa kwa upande, na kupanda boda ilikuwa adhabu. Raba iliacha alama mbili nyeusi kwenye rangi, ndefu kama kidole, na bado zipo.

Kama tayari unacho, kitumie kikiwa chini, usawa wa kiuno, kwa kujivuta ukiwa umelala, ambapo ukianguka unaanguka sentimita chache. Kikaze upya kila unapokigusa. Watoto wasikibembee.

Kuhusu vile vya kusimama sakafuni vyenye miguu minne: ni vizuri ukiwa na nafasi na sakafu iliyonyooka, lakini vingi vya bei ya chini hutikisika, na vinakula nusu ya sebule.

Kwa anayeanza, usinunue mikanda ya mpira ya bei. Kata tyubu ya tairi, ile ile wanayofungia mizigo kwenye boda boda, funga kitanzi kwenye chuma na ukanyage ndani kwa mguu mmoja. Inakupunguzia uzito wakati wa kupanda. Hata bila hiyo, panda kwa kiti, kidevu kikiwa juu, halafu shuka polepole kwa sekunde tano. Kushuka huko ndiko kutakakokupandisha.

Chuma kikishakaa, usikisahau. Mwezi wa kwanza ukiisha chukua spana ukaze nati zote, maana rangi na plasta vilivyo chini ya pleti hujishindilia na nati hulegea. Mimi hurudia kila mwezi, na nikikuta vumbi jekundu sakafuni chini ya pleti, sijivuti siku hiyo mpaka nimefungua na kuona tofali lina nini.