Kikatio cha mkono kwa vigae vya ukuta wa jikoni
Nimekitumia kikatio hiki kupanga vigae vya kauri kwenye ukuta ulio nyuma ya jiko, na kwa mikato iliyonyooka nakipenda sana: unakwaruza mstari mara moja tu kwa gurudumu lake dogo, unabonyeza mpini, na kigae kinakatika bila vumbi. Ukirudia mkwaruzo, ukingo humeguka. Hata hivyo, kwenye soketi, ambako kigae huhitaji kutolewa pembe yenye umbo la L, hakifai kabisa. Ilinibidi nishike grenda yenye diski ya almasi, nikikata taratibu kutoka pande zote mbili za kona ili ufa usipenye. Kipimo cha pembe cha kikatio hiki, kwa bahati mbaya, hulegea, hivyo hakiki kila alama kwa rula.