Uzoefu wangu: geohashing Uganda, likizo ya kufuata namba kwenye ramani

Wakuu, kama likizo zenu za Kampala huwa zinaishia Old Taxi Park, makaburi ya Kasubi na rolex za barabarani (chapati iliyoviringishiwa mayai; siikatai, nilikula kila asubuhi), hii kitu inaitwa geohashing ijaribuni. Ni bure, na kila siku inakupa point moja kwenye ramani ambayo hakuna binadamu aliyeichagua. Kazi yako ni kufika tu. Msichanganye na geocaching, ile ya kutafuta vikopo vilivyofichwa. Huku ukifika hakuna kitu, unapiga picha ya simu inayoonyesha namba na ya mazingira, unarudi.

Inavyofanya kazi ndiyo iliyonimaliza. Wazo lilianzia kwenye katuni ya mtandaoni ya Marekani mwaka 2008. Wanachukua tarehe ya siku na namba ya kufungulia ya Dow Jones, kile kipimo cha bei za hisa kule New York, wanavichanganya kwa hesabu ya kompyuta iitwayo MD5, zinatoka desimali mbili, moja unaibandika kwenye digrii nzima ya latitudo yako na nyingine kwenye ya longitudo. Dunia nzima imekatwa miraba ya digrii moja kwa digrii moja na kila mraba una point yake, kwa hiyo hakuna wa kuchakachua maana bei ya soko haijui mtu mpaka kengele ya kufungua soko ilie. Halafu sisi huku, kwa vile tuko mashariki ya longitudo 30 magharibi, tunatumia bei ya siku iliyotangulia, yaani point ya kesho unaijua leo jioni, na Ijumaa jioni unapata za Jumamosi, Jumapili na Jumatatu kwa mpigo. Kwa mtu aliye likizo hii ni raha sana, unapanga.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia apu nyingine ya kubahatisha, siitaji jina, ile unabonyeza inakutemea point hapohapo. Shida yake usipoipenda unabonyeza tena, na tena, mwisho unajikuta umechagua mwenyewe, sasa bahati nasibu iko wapi? Na bando linaisha.

Sasa Uganda. Mimi nilipita Mutukula nikitokea Bukoba, na pale kuna kautamu: mpaka unafuata latitudo ya 1 kusini, kwa hiyo ukigonga muhuri wa pasipoti unabadilisha nchi na mraba kwa wakati mmoja. Mbele baada ya Masaka unafika Kayabwe, pale kwenye yale mapete meupe ya saruji watu wanapopigia picha ikweta, unavuka tena mraba mwingine. Ila huu wa ikweta ni wa ajabu, maana kusini yake latitudo inaanzia sifuri hasi, na desimali ni zilezile, kwa hiyo point ya kaskazini na ya kusini zinatazamana kama mtu na kioo chake. Ukikaa Kampala unaziona zote mbili. Siku niliyoenda, moja ilidondoka ng'ambo ya Matugga kwenye barabara ya Bombo, pacha wake akadondoka ndani ya Ziwa Victoria upande wa visiwa vya Ssese. Sikufikiria mara mbili.

Nikachukua taksi (Kampala taksi ndiyo daladala) mpaka Matugga, halafu boda. Dereva wa boda mtu wa Arua, Kiswahili kinamtoka vizuri tu, nikamwonyesha simu akaangalia, akaniangalia mimi, akauliza "boss, huko kuna nani?" Nikamwambia hakuna mtu, nafuata namba. Akacheka akasema sawa, hela ni zako. Lakini akanipa ushauri ambao ndio naomba mshike kuliko yote: tukifika wewe nyamaza kwanza, ukianza na Kiswahili chako watasema wewe mwanajeshi, maana huku Kiswahili wanakijua kama lugha ya jeshi, na ukishika simu juu namna hiyo watasema umekuja kupima ardhi.

Na kweli. Buganda ishu ya ardhi ni moto, kuna mwenye hati ya mailo, yaani mmiliki wa ardhi, na kuna mwenye kibanja, mpangaji anayeishi juu yake, mambo yaliyoanza na ule mkataba wa Buganda na Waingereza wa mwaka 1900, sasa mgeni anayetembea ndani ya migomba huku anasoma namba kwenye simu hawezi kuwa mtu mwema. Tulienda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mzee mmoja mpole, boda akaeleza kwa Kiganda, mzee akauliza kama tunauza dini. Akauliza kama kuna mafuta. Mwisho akavaa koti akasema twende wote.

Kwenye migomba GPS inalewa. Mita 9, mita 4, mita 14, mshale unazunguka, kahawa ya robusta iliyopandwa chini ya migomba inakukwaruza mikono, mzee anatembea mbele kama yeye ndiye mwenye simu. Tukatokea uani kwa watu. Mama mwenye nyumba akapiga magoti kusalimia, kwao ni kawaida, mimi nikabaki nahangaika nisimame vipi. Point ilikuwa katikati kabisa ya turubai la kahawa iliyoanikwa, ile ya maganda wanaiita kiboko. Mwenyekiti akaeleza, mama akaangalia turubai, akachukua reki ya mbao akanifungulia kanjia mpaka katikati, nikavua viatu nikaingia. Simu ikasoma mita 2. Watoto wakapiga makofi, hawajui kwa nini, na mimi sijui kwa nini.

Ilikuwa Jumamosi, na kwa utaratibu wa mchezo Jumamosi saa kumi jioni ndiyo saa ya wachezaji kukutana kwenye point. Nikawaambia. Wakanisubirishia chai, hakuna aliyekuja.

Mambo ya kujua: shusheni ramani ya Uganda nzima kwenye OsmAnd, apu ya ramani, kabla, mtandao vijijini unakata. Mraba wa ikweta ni karibu kilomita 111 kila upande, wenzetu wa Ulaya yao imebanwa wakielekea kaskazini, kwa hiyo point inaweza kuwa mbali kweli, cheki nauli ya boda kwanza na mpatane ya kwenda na kurudi pamoja na kusubiri. Angalia picha ya satelaiti: kijani laini isiyo na nyumba wala barabara mara nyingi ni mafunjo, kinamasi, achana nayo. Ikidondoka kambi ya jeshi pia achana nayo, na njia hiyohiyo ya Bombo kambi ipo.

Natoa nyota nne. Moja nimeibana kwa sababu maelezo niliyoyakuta mimi ni ya Kiingereza na mtu mgeni atahangaika na hiyo sifuri hasi, calculator niliyotumia mimi ilitaka uiandike kwa mkono na alama yake. Mwezi wa nne na wa tano vaa buti.